Maumivu ya Muundi: Mguu Unapoomba Kupumzika



Katika somo hili tutajifunza habari ya maumivu yanayowapata watu wengi mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo. Mfupa mrefu wa mahali pale huitwa muundi. Pitisha kidole mbele ya mguu wako, nawe utausikia mara moja, maana hauna nyama nyingi juu yake. Wanaopatwa na maumivu haya hasa ni vijana wa mpira, wanafunzi wanaokimbia asubuhi, askari wapya, na watu waliotembea safari ndefu wasiyoizoea.

Labda mtu atasema, "Hilo ni jambo dogo. Hospitalini kuna malaria, kuna wanawake wanaojifungua, kuna watoto wenye utapiamlo. Kwa nini kutufundisha habari ya mguu wa mchezaji?" Mimi nami niliwaza hivyo zamani. Sikilizeni kwanza habari ya kijana mmoja.

HABARI YA KIJANA NA MAMA MJANE

Kijana huyu alikuwa na miaka 17. Sitataja jina lake, wala kijiji chake, wala kituo kidogo cha afya nilikotumika siku zile. Wakati wa likizo alikuwa shambani na baba yake, hakucheza mpira. Shule ilipofunguliwa, timu yao ikaanza kujitayarisha kwa shindano. Wakakimbia kila asubuhi juu ya barabara iliyokauka kwa jua, na jioni wakacheza mpira mpaka giza. Hata Jumapili, baada ya ibada, walicheza tena. Hawakuwa na siku ya kupumzika.

Wiki ya tatu alikuja kwangu. Akasema, "Munganga, mguu unaniuma nikikimbia." Siku ile wagonjwa walikuwa wengi mlangoni. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia, "Utapona." Sikumwuliza amekimbia kiasi gani. Sikumwambia apandishe suruali. Sikugusa mguu wake hata kidogo.

Vidonge vikanyamazisha maumivu, naye akaendelea kukimbia. Baadaye mguu ukaanza kumwuma hata akitembea, kisha hata usiku kitandani. Ndipo watu wa nyumbani wakasema, "Mguu wa kijana mwenye nguvu hauumi bure. Amekanyaga kitu." Wakakumbuka ya kuwa njia ya kwenda uwanjani hupita mbele ya nyumba ya mama mjane. Wakamwita mtu wa kuchanja. Huyo akakata ngozi juu ya mfupa kwa wembe, akapaka unga mweusi. Tangu siku ile watoto wakakatazwa kupita kwa yule mama. Hakuna aliyemsaidia tena kuchota maji. Hata kanisani, alipoketi, wengine walisogea mbali naye.

Siku ya shindano kijana akameza vidonge, akafunga mguu kwa kitambaa, akaingia uwanjani. Katikati ya mchezo akageuka ili apige mpira. Hakuna aliyemgonga. Mfupa ukavunjika, na waliokuwa karibu walisikia mlio wake.

Watu wakapiga kelele, "Mmeona? Hakuna aliyemgusa!" Kwao huo ulikuwa ushahidi wa mwisho juu ya yule mama.

Kijana akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya mifupa. Munganga akamwita baba yake, akainua picha kwenye mwanga wa dirisha. Akamwonyesha ya kuwa, mahali palipovunjika, mfupa ulikuwa umenenepa kando. Akasema, "Baba, tazama hapa. Mfupa hauwezi kunenepa hivi kwa siku moja. Ufa huu ulikuwapo kwa wiki nyingi, na mwili ulikuwa ukijaribu kuuziba. Mtoto wako alikuwa akikimbia juu ya mfupa wenye ufa."

Baba akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi yule mama hana kosa."

Akarudi kijijini, akamchukua mzee wa kanisa, wakaenda wote wawili nyumbani kwa mjane kuomba msamaha. Yeye hakuwakaripia. Aliuliza neno moja tu: "Mtoto anaendeleaje?"

Kijana alikaa na plasta miezi mingi, akakosa masomo ya mwaka ule. Mimi nami nilikwenda kitandani kwake nikamwomba msamaha, maana ningalipapasa mguu wake kwa dakika mbili siku ile ya kwanza, yote haya yangaliweza kuzuiwa. Kwa hiyo naandika somo hili.

MFUPA NI KITU CHENYE UHAI

Watu wengi hufikiri mfupa ni kama jiwe au mti mkavu. Sivyo. Mungu ameuumba mfupa wenye damu na uhai. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa tena.

Fikiri nyumba ya miti na udongo. Nguzo zikichakaa, mwenye nyumba hung'oa ile ya zamani, kisha husimamisha mpya. Ndani ya mfupa wako wamo wafanyakazi wa namna mbili: wengine huondoa mfupa wa zamani, wengine huweka mfupa mpya. Unapoanza kukimbia, mfupa hupata habari ya kuwa mzigo umeongezeka. Basi hujitengeneza upya ili uwe na nguvu zaidi. Lakini wabomoaji hutangulia, na wajenzi hufuata polepole, kwa wiki nyingi. Katikati ya kazi hiyo mfupa huwa dhaifu kuliko mwanzo. Ukiupa nafasi ya kupumzika, utakuwa imara. Ukiendelea kuupiga kila siku bila kupumzika, ni kama kuingiza watu mia katika nyumba ambayo nguzo zake zimeng'olewa na mpya hazijasimamishwa.

Kwanza huumia ngozi nyembamba inayofunika mfupa, na mfupa wenyewe kwa juu. Hapo maumivu huenea kwa urefu, upande wa ndani wa muundi. Hiyo ni hatua ya onyo. Mtu asiposikia onyo, ufa mdogo huweza kufanyika. Na ufa usipotunzwa, mfupa huweza kuvunjika kabisa, hata pasipo mtu kugongwa.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1855 munganga wa jeshi la Prussia, katika nchi ya Wajerumani, jina lake Breithaupt, aliandika habari ya askari waliovimba nyayo na kusikia maumivu baada ya kutembea safari ndefu. Hakuweza kuona ndani ya mguu, maana picha za mifupa zilikuwa hazijapatikana. Mwaka 1895 Röntgen alivumbua miale ya kupigia picha hizo, na baadaye waganga waliona ya kuwa ndani ya miguu ya askari wa namna ile mlikuwa na mifupa yenye ufa. Askari wale hawakurogwa. Walikuwa wametembea kupita nguvu za mifupa yao.

Sisi wa Nyankunde tunajua habari ya safari ndefu. Mwezi wa Septemba mwaka 2002, Nyankunde iliposhambuliwa, watu wengi, pamoja na wauguzi na wagonjwa, walikimbia kwa miguu kupitia msituni mpaka Oicha, siku nyingi za njia. Mtu anayeokoa maisha yake hapimi hatua zake, wala hakuna awezaye kumlaumu. Lakini mpira si vita, na mbio za asubuhi si kukimbia adui. Hapo tunaweza kupima, na kwa kuwa tunaweza, imetupasa kupima.

JINSI YA KUUCHUNGUZA MGUU

Keti, nyosha mguu, ufunue. Papasa polepole kwa kidole ukingo wa ndani wa muundi, tangu chini ya goti mpaka juu ya kifundo.

Kama maumivu yameenea kwa urefu, kupita upana wa vidole vitatu, nayo huanza ukikimbia na kupungua ukipumzika, inaelekea ni maumivu ya hatua ya kwanza. Unaweza kuyatunza nyumbani.

Kama maumivu yako mahali pamoja, unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole kimoja, na ukipabonyeza unashtuka, fikiri habari ya ufa. Tena kama mguu unauma ukitembea tu, au usiku ukiwa umelala, usingoje. Acha mbio siku ile ile, uende kwa munganga. Usirukeruke kwa mguu mmoja ili kuujaribu.

Jambo jingine la kujua: katika wiki mbili au tatu za kwanza, picha ya mifupa huweza kuonekana safi hata kama ufa upo. Munganga akikuambia, "Picha haionyeshi kitu, lakini pumzika, kisha urudi," usidhani amekudanganya. Mtii.

MATUNZO YA NYUMBANI

Kwa maumivu ya hatua ya kwanza fanya hivi:

1. Acha kukimbia na kuruka kwa muda. Wengine huhitaji wiki 2, wengine wiki 6 au zaidi. Unaweza kutembea kwa kiasi, kama hauumi. Kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa.

2. Tumia maji baridi. Wengi wetu hatuna barafu, lakini tuna maji ya chemchemi. Lowesha kitambaa, ukiweke juu ya muundi dakika 15, ukikilowesha tena kila kinapopata moto. Fanya hivi mara 2 au 3 kwa siku. Usikande mguu kwa maji ya moto sana, wala usiusugue kwa nguvu.

3. Nyosha shavu la mguu. Simama mbele ya ukuta, weka mikono juu yake, peleka mguu mmoja nyuma, kisigino kikikaa chini. Egemea mbele mpaka usikie shavu la mguu likivutika. Hesabu mpaka 30. Fanya mara 3 kwa kila mguu.

4. Maumivu yakipungua, tia nguvu miguu. Shika ukuta, inuka juu ya vidole vya miguu, kisha shuka polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia tena mara mbili. Ikiuma sana, acha, ujaribu tena baada ya siku chache.

5. Kula chakula kinachojenga mfupa. Hapa kwetu kipo: samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa ya ng'ombe, sombe, lengalenga, na maharagi. Kijana anayekimbia asubuhi bila kula, na kushinda na njaa mpaka jioni, anawanyima wajenzi wa mfupa vifaa vyao. Wazazi, angalieni sana binti zenu. Msichana akifanya mazoezi mengi na kula kidogo, hata damu yake ya mwezi ikakoma, mifupa yake huweza kudhoofika. Apelekwe kwa munganga. Wala msianze kumshtaki kabla ya kujua sababu.

VIDONGE NA WEMBE

Mtu mzima mwenye maumivu anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya 500 mg, si zaidi ya mara 3 kwa siku, kwa siku chache. Lakini sikieni vizuri: kidonge hakiponyi ufa. Maumivu ni kama mlinzi wa usiku anayepiga kelele aonapo mwizi. Ukimfunga mlinzi kinywa, mwizi hajaondoka. Kumeza vidonge ili upate kukimbia ni kumfunga mlinzi kinywa. Tena vidonge vingine vinavyouzwa sokoni, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa ovyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Habari ya kuchanja ni mbaya zaidi. Muundi uko karibu sana na ngozi. Wembe mchafu huweza kuingiza usaha mpaka mfupani. Huweza kuleta pepopunda. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine huweza kuleta UKIMWI na ugonjwa wa ini. Mtu aliyekuja na maumivu ya wiki chache huweza kuondoka na ugonjwa wa miaka mingi.

Tena tukumbuke yule mama mjane. Maumivu yasiyoeleweka hutafuta mtu wa kushtakiwa, na mara nyingi humpata asiye na wa kumtetea. Mkristo asimshuhudie jirani yake uongo, hata kama uongo huo umesemwa na kijiji kizima. Kabla ya kuuliza, "Ni nani amefanya hivi?" tuulize, "Amekimbia kiasi gani?"

DALILI ZA HATARI

Si kila maumivu ya muundi yametoka katika mbio. Nenda hospitali upesi ukiona mambo haya:

- Mtoto ana homa, mguu ni wa moto, umevimba, naye hataki kuukanyagia. Huenda ni usaha ndani ya mfupa. Watoto wenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS hupatwa nao kwa urahisi.

- Baada ya kugongwa au kuvunjika, mguu umekaza kama ngoma, maumivu yanazidi, vidole vimekufa ganzi au haviwezi kuinuka. Hapa usingoje asubuhi. Nyama za mguu huweza kufa kwa muda wa saa chache.

- Uvimbe karibu na goti la kijana unaozidi kukua, na maumivu ya usiku yasiyokwisha kwa kupumzika.

- Shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyelala kitandani siku nyingi. Akipata na shida ya kupumua, ni hatari kubwa.

- Mtoto mwenye maumivu ya muundi usiku pamoja na vidonda vya ngozi visivyopona. Huenda ni buba, na buba ina dawa.

KURUDI UWANJANI

Usirudi kwa sababu shindano limekaribia. Rudi kwa sababu mguu umepona. Kwanza uweze kutembea upesi dakika 30 bila maumivu, na ukibonyeza muundi usiume. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara chache. Fanya hivi siku moja, pumzika siku ya pili. Ongeza kidogo kidogo. Kama wiki hii umekimbia dakika 20, wiki ijayo ongeza dakika 2 tu. Maumivu yakirudi, rudi nyuma hatua moja. Na yule aliyepata ufa asianze hata hivi mpaka munganga amempa ruhusa.

Kimbia juu ya majani au udongo laini kuliko juu ya barabara ngumu. Kiatu kilichoisha soli hakifai kwa mbio nyingi. Na aliyezoea kucheza miguu mitupu, akipewa viatu vipya, avitumie kwanza kwa muda mfupi, mguu upate kuvizoea.

Walimu na viongozi wa timu, neno hili ni lenu. Baada ya likizo msianze kwa nguvu zote. Toeni angalau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Mchezaji akisema mguu unauma, msimwite mvivu, maana mkimwita hivyo, mara ya pili hatasema, ataficha. Tazameni majirani zetu wa Kenya. Eliud Kipchoge, huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa muda usiofika saa 2. Lakini wakimbiaji wa namna yake hawakimbii kwa nguvu zote kila siku. Siku nyingine hukimbia polepole sana juu ya njia za udongo, na baada ya shindano kubwa hupumzika. Ikiwa wao wenye mbio kuliko wote hupumzika, sisi ni nani hata tukatae?

ELIA CHINI YA MTI

Soma mwenyewe 1 Wafalme, mlango wa 18 na wa 19. Mle utamwona Elia akipiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, kwa nguvu za Mungu. Lakini geuza ukurasa. Nabii yule yule amelala chini ya mti jangwani, amechoka, hataki hata kuishi. Mungu alifanya nini? Hakumwita mvivu. Hakumwambia ainuke akimbie tena. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akalala tena, akala tena. Ndipo alipopata nguvu za safari ya siku 40.

Mungu aliyempa Elia mbio ndiye aliyempa usingizi. Basi kijana, mguu wako ukiomba kupumzika, usione haya.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Kwa nini mfupa huwa dhaifu wiki za kwanza za mazoezi?
2. Maumivu ya mahali pamoja na maumivu yaliyoenea yana tofauti gani?
3. Kwa nini si vizuri kumeza vidonge ili upate kucheza?
4. Taja dalili 3 za kumpeleka mgonjwa hospitali upesi.
5. Je, yuko mtu katika kijiji chako anayeogopwa kwa ajili ya ugonjwa wa mwingine? Utamtembelea lini?